Wanazaliwa wanne anabaki mmoja? Mwongozo kamili wa kuzalisha paka wa ukoo nyumbani na familia

Meseji ninazopata zinafanana kama mapacha. Paka kazaa wanne, wiki imeisha kabaki mmoja, nimekosea wapi? Nikiuliza siku ya pili hao vitoto walikuwa na uzito gani, kimya. Nikiuliza grupu la damu la mama na la baba, kimya zaidi. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, hatua kwa hatua, maana wengi hamkosei siku ya kuzaa, mnakosea miezi miwili mitatu kabla, halafu mnakosea tena zile siku 3 za mwanzo. Hapo katikati paka anaijua kazi yake kuliko sisi wote.

Nikisema paka wa ukoo namaanisha paka mwenye karatasi, yaani wazazi na mababu wake wanajulikana kwa majina na wameandikishwa. Hii ni hobi ya familia, inakula usiku wenu na inakula hela, na kama mmeingia ili mtajirike bora muiache kabla hamjamtesa mnyama.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze kuvitafuta siku jike ameshaanza kusukuma. Viwe ndani wiki 2 kabla.

- Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Hii ndo namba moja kwenye orodha yote. Ile inayoruka gramu 5 kwa 5 haifai, kitoto anaweza kuwa anakufa na mizani inakwambia yuko vilevile.
- Daftari, na kalamu iliyofungwa kamba kwenye daftari. Kwenye nyumba yenye watoto kalamu isiyofungwa inapotea ndani ya siku moja.
- Boksi la kuzalia, jike aweze kujinyoosha kabisa ndani yake. Upande wa mbele uwe na ukuta wa chini kama sentimita 15, mama aruke, vitoto wasitambae nje.
- Pedi ya joto ya umeme au chupa za maji ya moto za kufunga na taulo, pamoja na kipimajoto cha kuweka ndani ya boksi. Hata kama una pedi, chupa ziwepo, umeme hauna adabu.
- Kipimajoto cha mwili cha dijitali, cha paka peke yake tafadhali.
- Mataulo madogo laini kama 10, na magazeti.
- Uzi wa meno usio na ladha, mkasi uliochemshwa, ayodini ya kitovu.
- Kile kipira cha kuvutia kamasi wanachotumia kwa watoto wachanga.
- Maziwa ya unga ya vitoto wa paka na chupa zake ndogo. Ya ng'ombe hapana, yanawaharisha, na kitoto wa gramu 100 akiharisha hana akiba ya maji.
- Namba ya daktari wa wanyama anayepokea simu saa 8 usiku. Umpigie mapema umuulize kabisa, ukinipigia usiku utapokea?

## Hatua ya 1: Soma karatasi za jike kabla ya kumpenda

Vitoto wengi wa ukoo wanauzwa kama paka wa kufuga tu, na karatasi yake inasema hivyo, hatumiki kuzalisha. Watu hawasomi. Wanakuja kugundua vitoto wameshazaliwa na hawaandikishiki popote. Mashirika makubwa ya kuandikisha paka wa ukoo ni kama CFA, TICA, FIFe na GCCF, kila moja lina kanuni zake, kwa hiyo soma za shirika ambalo jike wako ameandikishwa, halafu sajili na jina la nyumba yenu ya uzalishaji, lile linalotangulia jina la kila kitoto. Hapo waachieni watoto wachague, ila mkubaliane mapema, kwetu lilichukua wiki 2 na kilio kimoja.

Umri: asipandishwe kabla ya mwaka 1, hata kama ameshaanza joto la kutaka dume akiwa na miezi 6. Mwili wake bado unajenga mifupa yake mwenyewe. Na tabia pia uiangalie, jike mwoga anayejificha wageni wakija atawafundisha vitoto wake woga huohuo.

Kuna aina mimi siwezi kukushauri kabisa. Scottish Fold, yule wa masikio yaliyokunjwa, jeni (chembe ya urithi) inayokunja sikio ndo hiyohiyo inaharibu gegedu na viungo vya mwili mzima, yaani ule urembo wenyewe ni ugonjwa. Kama mnampenda basi mpendeni mliyenaye, msizalishe mwingine.

## Hatua ya 2: Vipimo, na hapa ndo vitoto wengi wanakufa kabla hawajatungwa

Kwanza, jike na dume wote wapimwe leukemia ya paka na kile kirusi wanachokiita UKIMWI wa paka. Jike awe amemaliza chanjo na dawa ya minyoo kabla ya kupandishwa, maana baadhi ya chanjo zina virusi hai na hazichomwi akiwa na mimba.

Pili, vipimo vya DNA vya aina yake. Ni kusugua kijiti cha pamba ndani ya shavu na kupeleka maabara. Persian na jamaa zake wapimwe PKD, ule ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji. Huo mzazi mmoja tu akiwa nao unatosha, kila kitoto anakuwa na nusu kwa nusu ya kuupata. Abyssinian na Somali wana upofu wa polepole ambao unahitaji jeni kutoka pande zote mbili, kwa hiyo mbebaji anaona vizuri maisha yake yote na huwezi kumjua kwa macho. Maine Coon na Ragdoll wana ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, na hapa msidanganyike, DNA pekee haitoshi, kuna wanaougua bila ile jeni inayopimwa, kwa hiyo moyo wenyewe upigwe ultrasaundi na irudiwe kila mwaka.

Tatu, grupu la damu. Naomba mtulie hapa.

Paka wana grupu A, B, na AB ambayo ni adimu. Paka wa grupu B anazaliwa na uwezo wa kutengeneza kingamwili kali dhidi ya damu ya A, hahitaji kuongezewa damu wala kuzaa kwanza. Sasa jike B akipandwa na dume A, karibu nusu ya vitoto au wote wanatoka A. Wanazaliwa wazima, wanene, wanakimbilia chuchu. Wananyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, na ile dang'a ndo imebeba kingamwili za mama, zinaingia kwenye damu ya kitoto na kuanza kuvunja chembe nyekundu. Ndani ya siku 1 hadi 3 anaacha kunyonya, anakuwa wa njano au mweupe, mkojo unatoka wa rangi ya chai ya rangi, anakufa. Wengine wanapona ila ncha ya mkia inakauka na kudondoka. Na mwenye paka anaenda kumlaumu jirani kwa jicho baya.

British Shorthair, Devon Rex, Cornish Rex, Birman na Ragdoll wanao B wa kutosha kukutia hasara. Siamese karibu wote ni A. Kanuni ni fupi: jike A anaweza kwenda kwa dume yeyote, jike B aende kwa dume B. Kama limeshatokea na vitoto bado hawajazaliwa, mpange na daktari wasinyonye kwa mama saa 24 za kwanza, wapewe maziwa ya unga kwa chupa, baada ya hapo utumbo unakuwa hauzipitishi tena hizo kingamwili na wanarudi kwa mama.

Nne, undugu. Chora ukoo wa wote wawili kwenye karatasi vizazi 4 au 5 na mtafute majina yanayojirudia. Ndugu wa baba na mama mmoja wakizaa, kitoto ana undugu wa damu wa 25%, wa mzazi mmoja 12.5%, mabinamu wa kwanza 6.25%. Mimi nikiona jina moja pande zote mbili kwa karibu naacha, kuna madume wengine.

Umefika salama ukiwa na faili lenye majibu yote ya jike na nakala ya majibu yote ya dume. Mwenye dume akikwambia "mzima huyu, hana shida yoyote" bila karatasi, mshukuru uende zako.

## Hatua ya 3: Dume wa kuazima, msinunue

Familia nyingi zinaanza na jozi, jike na dume, zikidhani ndo inarahisisha. Dume mzima asiyehasiwa ananyunyizia mkojo kwenye kuta, mapazia na begi la shule, na harufu yake haitoki kwa sabuni. Itabidi aishi kwenye chumba chake peke yake, na jike mmoja hamtoshi. Kwa hobi ya nyumbani tafuta dume wa mfugaji mwenye uzoefu na mlipe.

Muandikiane: malipo kiasi gani, jike asiposhika mimba mnarudia bure au la, akizaa kitoto mmoja tu inakuwaje, nani anatoa karatasi ya kupandisha. Mkiishia kwenye "tutaelewana" hamtaelewana.

## Hatua ya 4: Joto na safari ya kwenda kwa dume

Mara ya kwanza mtadhani anaumwa. Analia kwa sauti ya ajabu usiku mzima, anajiviringisha sakafuni, ukimgusa mgongoni anashusha kifua, anainua makalio, mkia pembeni na miguu ya nyuma inakanyagakanyaga. Ni joto tu. Linachukua kama wiki na asipopandwa linarudi baada ya wiki 2 au 3. Funga madirisha, maana huyu aliyekuwa anaogopa hata upepo sasa anaweza kuruka ghorofa.

Jike ndo anakwenda kwa dume, sio dume kuja kwenu. Dume kwenye nyumba ngeni anashinda kunusa pembe za ukuta. Mpeleke siku ya 2 au ya 3 ya joto, kucha zimekatwa.

Jike wa paka hatoi mayai mpaka apandwe, tendo lenyewe ndo linauamsha mwili utoe mayai. Mara moja mara nyingi haitoshi, wapandane mara kadhaa kwa siku 2 au 3. Ndo maana mkimwacha lisaa limoja halafu mkamchukua mnarudi nyumbani na paka mtupu. Kila tendo likiisha jike anapiga ukelele na kumgeukia dume kwa makucha, ni kawaida, mwenye dume awe na rafu ya juu ya dume kukimbilia.

Andika tarehe ya kwanza na ya mwisho ya kupandana. Akirudi nyumbani afungiwe mpaka joto liishe kabisa. Bado ana hamu na bado anashika, vitoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti, na mkimwachia akapita dirishani mtakuwa na wawili wa ukoo na wawili wa jirani, halafu mje kupima DNA kila mmoja.

## Hatua ya 5: Mimba

Hesabu kutoka siku ya kwanza ya kupandwa. Mimba ni siku 63 hadi 67 kwa wengi. Karibu wiki ya 3 chuchu zinakuwa za pinki na kusimama, hasa kwa anayezaa mara ya kwanza. Ultrasaundi siku ya 25 na kuendelea inaonyesha mioyo ikidunda, watoto wa nyumbani wapelekeni wakaone. Kuhesabu wangapi wako ndani, eksirei baada ya siku ya 55 ndo inasoma vizuri kwa sababu mifupa imeshakomaa. Hiyo hesabu usiidharau, ndo itakayokwambia siku ya kuzaa kama amemaliza au kuna mmoja amebaki.

Chakula mbadilishie pole pole kwenda cha vitoto, kina nguvu na protini zaidi, na aongezewe taratibu. Vidonge vya kalsiamu usimpe kwa akili yako, vinaufanya mwili usahau kuvuta kalsiamu kutoka kwenye akiba yake na akianza kunyonyesha anaweza kupata degedege. Dawa za binadamu hapana, parasetamoli kidonge kimoja kinaua paka. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini nazo zinaua, hata zikiwa zimepakwa kwa mbwa ambaye paka analala naye.

Kama kuna mama mjamzito nyumbani, trei ya choo cha paka asafishe mtu mwingine, kila siku, kwa sababu ya toksoplazma, kimelea cha kwenye kinyesi cha paka kinachoweza kudhuru mimba. Hakuna haja ya kumfukuza paka.

Wiki ya 7 weka boksi kwenye kona tulivu, yenye giza kidogo, isiyo njia ya watu. Atalikataa kwanza. Kila jioni mpelekee kitu anachopenda pale ndani, na mfunge milango ya makabati ya nguo, au mtazalishia kwenye mashati.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kuanzia siku ya 61 mpime joto la mwili asubuhi na jioni. Kawaida ni kati ya 38 na 39. Likishuka chini ya 37.8, wengi wanazaa ndani ya saa 24. Wapo wasioshusha, kwa hiyo angalia na tabia: anakwangua matandiko, anahema, anaingia na kutoka, anakufuata kila mahali.

Watu kwenye chumba wawe wawili, sio ukoo mzima. Watoto wakae mlangoni kwa zamu kama jike mwenyewe hajali, na akijali watoke.

Kitoto anatoka ndani ya mfuko wake. Mama anauchana, anamlamba, anakata kitovu, anakula kondo. Wewe kaa mikono mapajani. Ingia pale tu anapozubaa: mfuko haujachanika ndani ya dakika 1, uchane wewe kuanzia usoni. Vuta kamasi kwa kipira. Msugue kwa taulo kwa nguvu kidogo, kichwa kikiwa chini kuliko mwili, mpaka alie. Ile mbinu ya kumzungusha kitoto hewani kama kombeo acheni jamani, ubongo unagonga fuvu. Kitovu kifunge na uzi wa meno kama sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, kata upande wa mbali na kitoto, chovya ayodini. Usikivute, unaweza kumtoa utumbo.

Wengi tu wanatanguliza makalio na miguu ya nyuma, ni kawaida kwa paka.

Hesabu makondo, kila kitoto na lake. Lililobaki ndani linaoza. Mama akila 2 inatosha, mengine yatoe, akiyala yote ataharisha.

Piga simu kwa daktari bila kusubiri kukuche ukiona:

- anasukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna kinachotoka
- kitoto amekwama, sehemu inaonekana na haiendi mbele
- uchafu wa kijani unatoka kabla ya kitoto wa kwanza na dakika zinapita bila kitoto kutokea
- damu mbichi nyingi inayoendelea kutiririka
- yamepita masaa 2 tangu wa mwisho, hesabu haijatimia, na mama hajatulia, anahema, amelegea

Ila kuna jike anayezaa wawili, anatulia, ananyonyesha, anakula, halafu anaendelea baada ya masaa mengi. Hiyo inatokea kwa paka. Tofauti ni utulivu wake. Hata hivyo mpigie daktari umwambie, kazi yake hiyo.

## Hatua ya 7: Siku 3 za kwanza, mizani ndo bosi

Mpangilio ni huu na usiubadilishe: joto, maziwa, uzito.

Joto kwanza. Kitoto mchanga hawezi kutetemeka kujipasha. Ndani ya boksi upande mmoja uwe na nyuzi 29 hadi 32, upande mwingine upoe kidogo ili wachague wenyewe. Kitoto wa baridi usimnyweshe chochote! Utumbo wake umesimama, maziwa yanachacha tumboni au yanaingia mapafuni. Tia kidole kinywani mwake, kama pamepoa mpashe kwanza polepole kifuani kwako ndani ya nguo, mpaka achangamke, ndo upate kufikiria chupa. Nadhani kosa hili peke yake linaua zaidi ya magonjwa yote niliyoyataja juu, maana mtu kwa huruma anamwona amelegea anakimbilia kumlisha.

Maziwa. Kila mmoja apate dang'a masaa ya mwanzo (kasoro ile kesi ya damu B). Mweke kwenye chuchu mwenyewe kama anasukumwa na wenzake.

Uzito. Pima akizaliwa, halafu asubuhi na jioni, saa zilezile. Wengi wanazaliwa na gramu 85 hadi 115, aina kubwa kama Maine Coon zaidi. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo. Baada ya hapo aongeze gramu 10 hadi 15 kwa siku, na kwenye wiki 2 awe amefika mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Kama wanafanana, punguza manyoya kidogo sehemu tofauti, mmoja bega la kulia, mwingine paja la kushoto, uandike.

Nitawaambia kilichonifundisha. Uzao wetu wa kwanza kulikuwa na kijike cha bluu, ndo tunavyoita kijivu, siku ya 3 jioni gramu 104. Asubuhi 101. Nikajiambia gramu 3 hizo ni mizani tu, au amekojoa. Alikuwa analia vizuri, tumbo la mviringo. Jioni 97. Nikasema kesho. Usiku akaacha kulia na mie nikashukuru kimya, asubuhi nikamkuta kwenye kona ya boksi peke yake, wenzake wamelundikana upande wa pedi. Zile gramu 3 hazikuwa mizani.

Kwa hiyo kwetu sheria imeandikwa kwenye jalada la daftari: asiyeongezeka ndani ya saa 24 anaongezewa chupa kila baada ya saa 2 hadi 3, mchana na usiku. Aliyepungua mara 2 mfululizo anakwenda kwa daktari, haijalishi analia vizuri vipi.

Chupa anyweshwe akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama. Watoto wanapenda kumpakata chali kama mtoto mchanga, inapendeza, na maziwa yanaingia kwenye mapafu. Kama mama hamlambi, mpanguse sehemu za chini na pamba yenye maji ya uvuguvugu baada ya kila mlo, la sivyo hakojoi.

Na mama pia mwangalieni. Chuchu ngumu, ya moto na nyekundu ni jipu la maziwa. Homa na uchafu wenye harufu mbaya, kizazi kimeingia maambukizi. Akianza kutetemeka, kukakamaa na kutembea kama mlevi ni kalsiamu imeshuka, hiyo ni ya dakika, watoe vitoto na mkimbize.

Mkiona kila mstari wa daftari unapanda, wote wamelala lundo moja wakiwa kimya, mama anatoka kula na kurudi, lala. Ule ukimya wa lundo ndo mnaoutafuta.

## Hatua ya 8: Wiki ya 1 hadi ya 4

Macho yanafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, msiyafungue kwa vidole. Siamese na wenzake wanazaliwa weupe kabisa, msidhani mmeibiwa dume, ile rangi ya giza inakuja kwenye sehemu za mwili zilizo baridi: masikio, pua, miguu, mkia.

Kujua jinsia, inua mkia utazame. Dume ni kama nukta mbili zilizoachana, jike ni kama alama ya mshangao iliyopinduliwa, tundu la chini ni mstari na liko karibu na la juu. Angalia siku ya kwanza, ukikosa utasubiri wiki kadhaa.

Kuanzia wiki ya 2 mpaka ya 7 ndo akili yake inaamua binadamu ni rafiki au adui. Hapa watoto wa nyumbani ndo wana kazi kubwa kuliko sisi. Kila kitoto ashikwe dakika chache mara kadhaa kwa siku, aguswe makucha, masikio, kinywa, asikie redio, vyombo, mlango, sauti ya mwanaume na ya mtoto. Mikono ioshwe kwanza. Kwetu anayesoma mizani ana miaka 9 na anaandika namba kubwakubwa, hakuna aliyewahi kumpita kwa umakini.

Dawa ya minyoo ianze wiki ya 3, mabuu ya minyoo wanayapata hadi kwenye maziwa ya mama. Kipimo ni kwa uzito, daftari linatumika tena.

Wiki ya 4 wape chakula laini kilicholowekwa kwenye sahani bapa. Watakanyaga, watalala ndani yake, watapiga chafya. Weka na trei ya choo yenye mchanga usioganda, maana wanaula, na ule unaoganda unaweza kuganda ndani ya tumbo.

## Hatua ya 9: Wiki ya 5 hadi kuondoka

Hapa ni mchezo na usafi tu. Minyoo kila wiki 2. Chanjo ya kwanza ya panlukopenia na mafua ya paka karibu wiki ya 8 au 9, ya pili wiki 3 au 4 baadaye, ratiba kamili ampangie daktari wenu. Chipu ya utambulisho ya chini ya ngozi iwekwe mapema, namba yake ya tarakimu 15 iandikwe kwenye karatasi za ukoo.

Jike anaweza kuingia joto tena akiwa bado ananyonyesha. Dume yeyote nyumbani, hata mwanawe wa miezi 4, ni hatari. Mpumzisheni, uzao 1 kwa mwaka unamtosha.

Kitoto haondoki kabla ya wiki 12 au 13, hata mnunuzi alie. Akiondoka na wiki 7 hajafunzwa na mama yake kuuma kwa kiasi, na chanjo hazijakamilika. Ambaye hatazalisha, ongea na daktari ahasiwe kabla ya kuondoka, au mkataba useme atahasiwa lini.

Siku ya kumkabidhi aende na karatasi za ukoo, kadi ya chanjo, majibu ya vipimo vya wazazi, chakula alichozoea cha wiki 1, na kipande cha taulo kilicholaliwa na mama yake bila kufuliwa. Mwambie mnunuzi amweke chumba kimoja kwanza, trei mbali na sahani ya chakula, asimwogeshe. Mpigie usiku wa kwanza umuulize amekula, amekojoa? Kisha mpigie tena siku ya 3 umwambie ampime uzito, na akikujibu hana mizani mpelekee ile yako ya zamani.